Hamsini wa Ngomeni: shajara ya jioni moja ya wanawake

10 Januari

Naianza shajara hii nisije nikasahau tulikotoka. Mimi na wenzangu sita wa Mji wa Kale tumeazimia kufanya jioni ya sanaa ya wanawake ndani ya makumbusho ya Fort Jesus, hapa Mombasa. Bila kiingilio. Mtu aje na mamake, na watoto, na jirani, apite mlangoni bila kuulizwa shilingi.

Wamenishikilia wengi: kwa nini Ngomeni, na kumbi zipo? Sababu ni hesabu moja ambayo tangu niisome hainipi usingizi. Machi 1696 Waomani waliizingira ngome hii, iliyokuwa mikononi mwa Wareno, na kuzingirwa huko kukadumu hadi Desemba 1698. Katikati yake maradhi yaliingia ndani. Kufika mwisho wa Agosti 1697, Wareno waliokuwamo walikuwa wamekufa wote. Waliobaki kushika ukuta ni Sheikh Daud wa Faza, kisiwani Pate, jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika 8, na wanawake wa Kiafrika 50. Wakashika hivyo hivyo mpaka msaada ulipofika katikati ya Septemba.

Wanawake 50. Zaidi ya nusu ya watu wote waliokuwa hai ndani ya kuta zile. Na hesabu inawataja kwa idadi, basi. Merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka uo huo tunaijua kwa jina lake kamili, Santo António de Tanná. Vitu vyake vimeopolewa baharini na vimewekwa makumbusho, vinatazamwa. Merikebu ina jina. Wanawake hamsini hawana.

Basi jioni yetu ni hiyo. Nataka wanawake hamsini wa leo wasimame pale ndani na kila mmoja ataje jina lake na la mamake. Mengine yote, ngoma, mashairi, leso, yatazunguka hapo.

17 Januari

Kosa langu la kwanza, nalo ni kubwa. Nilikuwa nimeshawaambia watu ni tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Leo kwenye kikao mama mmoja mwuza mahamri akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo si itakuwa katikati ya Ramadhani?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimeitazama kalenda ya ukutani, ya mwezi sikuitazama.

Jioni ya wanawake wa Mji wa Kale katika saa ya kufuturisha si jioni ya wanawake wa Mji wa Kale. Wangekuja wageni, tukawapigia makofi wageni. Tumesogeza hadi Jumamosi ya tarehe 11 Aprili. Hapo tuko Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na Mfungo Mosi ni mwezi wa harusi, kwa hiyo kila upatu na kila sauti nzuri ya mji huu tayari ina mwaliko kwingine. Pia masika yatakuwa yamekaribia. Nimeyaandika yote mawili hapa ili nisije nikasema sikuyajua.

26 Januari

Tumekaa na watu wa makumbusho. Wametupokea vizuri, wakatusomea masharti, na nimeyapenda masharti yao. Hakuna msumari ukutani, hakuna gundi, hakuna kamba ya kufungwa kwenye mawe. Ngome iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, na jiwe la matumbawe likishamegeka halishoneki. Hakuna mtu juu ya kuta baada ya giza kuingia. Hakuna jiko la moto ndani, kwa hiyo viazi vya karai vitakaangwa nje na kuletwa kwa sinia.

Kwa hiyo leso zetu zitatundikwa kwenye miti tutakayoisimamisha sisi wenyewe ndani ya ndoo za mchanga. Mwenzetu mmoja, fundi seremala, ameniambia ndoo ishirini zatosha. Mimi nasema thelathini. Upepo wa baharini haukopeshi.

2 Februari

Kazi ya leso imeanza, na ndiyo inayonifurahisha kuliko zote.

Wanaotoka nje ya pwani hushangaa kuwa sisi kanga twaiita leso. Neno lenyewe ni la Wareno, lenço, kitambaa cha mkono. Wanawake wa pwani, karne ya kumi na tisa, walinunua vitambaa hivyo vya mraba, wakaunga sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuichapisha ikiwa nzima, na jina, yaani msemo wake, likaja kuongezwa chini. Kila nikipita Biashara Street nikaona maandishi ya Mali ya Abdulla pembeni mwa leso, duka lililoanza 1887, nakumbuka kwamba kabla ya duka kulikuwa na mwanamke aliyeketi na sindano akaona kitu ambacho mfumaji hakukiona. Mreno ametuachia mawe na neno. Nguo tumeitengeneza sisi.

Tunakusanya jozi hamsini kutoka majumbani. Hatununui hata moja, tunaazima. Kila jozi itakuwa na kikaratasi: ya nani, aliipata wapi, aliivaa lini. Leo tumepata kumi na moja. Kishutu tatu, zote za maharusi, moja imefifia mpaka wekundu wake umekuwa rangi ya udongo wa Changamwe. Bibi aliyetupa alimwambia msichana aliyekuwa akiandika: "Andika kwamba sikuilia." Hatukumwuliza zaidi. Imeandikwa hivyo hivyo.

9 Februari

Leo kikao kiliwaka, na nimerudi nyumbani nikitetemeka.

Bibi mmoja wa ukoo wenye asili ya Oman alinisikiliza nikieleza habari ya hamsini hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Hao walikuwa upande gani?" Nikajibu walikuwa ndani. Akasema, "Ndani kwa nani? Walimlindia Mreno. Waliokuwa nje ni babu zangu, na walikuja kwa kuitwa na watu wa mji huu huu." Wengine wakaanza kuguna. Mwingine akasema watu wa Faza nao walikuwa na sababu zao. Mwingine akasema yeye haimbi kwa ajili ya Mreno hata apewe nini.

Yote waliyosema ni kweli. Katika chumba kile kulikuwa na wajukuu wa walio nje na wajukuu wa walio ndani, na wengi wetu ni wajukuu wa wote wawili. Nilitaka kujibu kwa maneno makubwa, nikashindwa. Aliyejibu ni yule mama wa mahamri. Alisema: "Mimi nikifungiwa nyumbani na wanangu, na mlango unagongwa na watu wenye silaha, siulizi nyumba ni ya nani. Nashika mlango." Halafu akaongeza kwamba hata kama walikuwa watumwa mle ndani, na huenda wengine walikuwa, hakuna aliyewauliza wanapenda upande upi.

Bibi wa asili ya Oman alinyamaza kitambo. Kisha akasema atakuja, lakini anataka jambo hili lielezwe waziwazi usiku huo, lisifichwe. Nimemwahidi. Maelezo ya ufunguzi nitayaandika upya, na swali lake ndilo litakalotangulia.

Naandika hili kwa urefu kwa sababu naona hapa ndipo mradi ulipozaliwa. Kabla ya leo nilikuwa na wazo zuri. Sasa nina deni.

14 Februari

Majina 19 kwenye orodha ya hamsini. Leso 24.

3 Machi, usiku, baada ya tarawehe

Ngoma zimenyamaza, mwezi ni wa Ramadhani. Tunakutana usiku kwa mashairi tu, kwa zamu, nyumba hii na ile, na kahawa thungu.

Hoja ya juzi usiku ilikuwa Mwana Kupona. Wazee wanataka utendi wake usomwe, na hakuna njia ya kufanya usiku wa wanawake pwani hii bila Mwana Kupona binti Mshamu wa Siyu, aliyeutunga 1858, akiwa mgonjwa, kumwusia bintiye. Wasichana wanaukataa. Mmoja, yuko kidato cha tatu, alisema wazi: "Unamfunza mke kumtii mume hadi kaburini. Tunasherehekea nini hapo?" Shangazi yangu akachukia. Alisema mwanamke aliyejua kwamba anakufa, akaushika ushairi na kumwachia mwanawe kitu ambacho leo, zaidi ya miaka mia na sitini baadaye, watu wanakigombania sebuleni, huyo hahitaji ruhusa ya kidato cha tatu.

Mimi niko na wote wawili, wala sioni aibu kusema hivyo. Utendi ule ni wa mama anayemwandaa mtoto kwa dunia aliyoijua, na dunia ile ilikuwa nyembamba. Ila kalamu yake haikuwa nyembamba. Tumekubaliana hivi: shangazi atasoma beti alizozichagua, kisha yule msichana atasimama kama binti anayejibu, kwa bahari ile ile ya utendi, mizani nane kila kipande. Nilimwambia akivunja mizani shangazi atamkatiza mbele ya watu. Alirudi baada ya siku mbili na beti hizi:

Mamangu nimesikia
wasia umenambia
nami leo naingia
ngomeni nitaje jina

Hamsini walolinda
ukuta usije vunda
na majina yamekwenda
nasi leo twawanena

Shangazi alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Akasema, "Haya," akamimina kahawa.

25 Machi

Idi imepita na tumerudi kazini. Lelemama sasa, ile ngoma ya wanawake.

Nilikuwa naogopa kwamba hatutapata watu. Mombasa ya zamani ilikuwa na vyama vya lelemama vikishindana vikali, Ibinaal Watan na Banu Saada, kwa nyimbo, kwa mavazi, kwa karamu, kila chama na viongozi wake na vyeo vyao. Walikuwa wanawake wa buibui ambao vitabu vingi vingesema walikaa ndani tu. Huko ndani waliendesha vyama, walikusanya fedha, walitunga nyimbo za kumpiga mtu vijembe mji mzima ukaelewa ni nani.

Tumepata bibi wawili ambao mama zao walikuwa humo, mmoja huku na mmoja kule. Leo tumewakalisha mkeka mmoja. Walianza kwa adabu nyingi mno, "bibi yangu" hii na ile, na baada ya robo saa walikuwa wakibishana ni upande upi uliovaa vizuri zaidi. Kisha mmoja akainua mikono kuonyesha mwendo wenyewe: haurushi, hauruki, ni viganja vinageuka taratibu kama mtu anayepepeta kitu asichotaka kimwagike. Na mwenzake akafuata, bila kuambiwa. Wasichana saba waliokuwa wakitazama simu zao waliziweka chini. Hao saba wameomba kufundishwa.

Hapo ikaja hoja ya wanaume. Lelemama ni ngoma ya wanawake mbele ya wanawake. Makumbusho ni mahali pa umma, na tumetangaza kila mtu aje. Wazee wakasema hawatacheza mbele ya wanaume, na hawatapigwa picha. Nakubaliana nao kabisa. Bure haimaanishi kila kitu ni cha kila jicho. Tumeigawa jioni: kuanzia saa kumi na nusu, baada ya Alasiri, ni ya wote, hadi Magharibi, baada ya Isha ni ya wanawake na watoto wadogo, na simu zinabaki kwenye kikapu mlangoni. Wanaume watakaotaka kusaidia watabeba viti na kulinda mlango kwa nje.

4 Aprili

Majina 50. Wa hamsini ni mwanamke anayeuza samaki karibu na Bandari ya Kale, ambaye alituambia kwamba yeye jina la mamake halijui, alilelewa na watu. Aliuliza kama anaweza kusimama hata hivyo. Nimemwambia atataja aliyemlea. Akasema waliomlea ni watatu. Basi atataja watatu.

Leso 46. Ndoo 28, fundi bado ananuna.

10 Aprili

Mwenye vipaza sauti ameturudisha nyuma siku moja kabla; amepata harusi inayolipa zaidi. Nilikaa kwenye ngazi nikakosa la kusema. Mume wa mwenzetu amepata spika mbili ndogo za madrasa kwa mkopo. Hazitafika mbali, kwa hiyo tumeamua mikeka isogezwe karibu, watu wakae duara. Usiku huu naona huenda ni bora.

Mawingu upande wa Likoni.

12 Aprili, asubuhi

Sijalala, lakini nataka niandike kabla sauti hazijatoka kichwani.

Mvua ilipiga saa tisa na nusu, leso zote hamsini zikiwa zimeshatundikwa. Hatukuwa na hema. Wanawake waliokuwa wamefika mapema, ambao hata hatukuwa tunawafahamu, walikimbilia miti na kuzishusha, wakazikumbatia kifuani, wakaingia nazo kwenye njia ya mlango mkuu penye dari. Pale pale, wakisubiri mvua ikatike, wakaanza kusomeana vikaratasi. Maonyesho ya leso yalifanyika hivyo, mikononi mwa watu, kwa dakika arobaini, na hakuna mpango wangu wowote ambao ungeyapita. Nilimwona mzee mmoja wa kiume akisoma kile cha "sikuilia" akatulia nacho muda mrefu.

Mvua ilipokoma mawe yalikuwa yanatoa mvuke. Tukaanza saa kumi na moja kasoro. Nililisoma swali la bibi kwanza, kama nilivyoahidi: walikuwa upande gani? Nikaeleza Sheikh Daud, Faza, Oman, Wareno, bila kumsafisha yeyote. Bibi mwenyewe alikuwa safu ya mbele akitikisa kichwa. Shangazi alisoma, msichana akajibu. Kwenye "ngomeni nitaje jina" sauti yake ilikatika kidogo, na watu wakaimalizia wenyewe.

Watoto wengi sana. Mamangu alikuja. Kazaliwa Kibokoni, mwendo wa dakika chache kutoka pale, na kabla ya jana alikuwa ameingia Ngomeni mara moja tu, akiwa mwanafunzi. Aliniuliza kanisa la Wareno lilikuwa wapi, kwa sababu alisikia kwamba neno gereza limetokana na neno lao la kanisa. Nikamwonyesha. Akasema mjombake aliliita gereza kwa maana nyingine, maana zamani za Mwingereza hapa palikuwa jela hadi 1958. Akazunguka ua wote akiwa ameshika viatu mkononi.

Kisha usiku. Lelemama sitaielezea, ni ya waliokuwapo.

Majina yalikuwa ya mwisho. Na hapa lilitokea jambo. Adhuhuri kulikuwa na msiba Kuze, na tisa kati ya hamsini wetu walikuwa matangani, kama ilivyopasa. Tulikuwa 41. Nilikuwa nimeamua kwamba pale penye pengo tutanyamaza kidogo, mara tisa. Wakasimama mmoja mmoja, jina, binti wa nani, na kuketi. Mwuza samaki alitaja wake watatu, polepole, kama anayehesabu fedha za mtu mwingine. Lilipofika pengo la kwanza nikainamisha kichwa. Kabla sijavuta pumzi, yule bibi wa asili ya Oman akasimama, yeye ambaye hakuwa kwenye orodha, akataja mamake, marehemu, na nyanyake, marehemu. Akaketi. Mwingine akasimama nyuma yake. Mama wa mahamri alimtaja mtoto wake wa kike aliyefariki akiwa na siku nne. Alikuwa amepewa jina, alisema, na halijapata kuitwa mbele ya watu.

Msichana wetu wa daftari aliandika hadi 73, kisha kalamu ikakataa kwenye karatasi iliyolowa. Walioendelea baada yake hawakuandikwa.

14 Aprili

Hesabu za fedha zimekaa sawa, tumebakiwa na shilingi mia saba, zimekwenda kwa madrasa iliyotupa spika. Ndoo zote zimerudi, mchanga umerudishwa ufuoni. Walinzi wamekagua kuta, hakuna alama.

Kesho nakwenda Kuze, kwanza kwa mkono wa tanzia, na baada ya siku kadhaa kuwaomba wale tisa majina yao, kama watapenda. Daftari nimeshaanza kulinakili upya, na nalipeleka nyumba kwa nyumba ili kila mtu ahakikishe lake limeandikwa anavyolitamka yeye. Tayari mmoja amenirekebisha, mamake ni Mwanakhamisi, si Mwanahamisi. Watu wa makumbusho wamekubali kupokea nakala.

Leso 49 zimerudi kwa wenyewe. Jozi moja imebaki hapa kitini kwangu. Ni ya samawati, pindo jeusi, ina harufu ya udi, na kikaratasi chake kililowa hadi wino ukaenea wote. Nikiiweka juani naona herufi ya kwanza tu, M. Kesho kutwa naanza kubisha hodi Kibokoni, kisha Mkanyageni.